Programu Nne na Swali la Dada

Siku ya Jumatano asubuhi dada yangu aliniuliza mahali nitakapomzika, wakati nalinganisha programu nne za kuchora ramani za mawazo. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa na shughuli ya maana zaidi. Nilikuwa mezani kwangu Tororo, kompyuta mbele, daftari pembeni, na ndani ya daftari nimepiga jedwali: jina la programu, uzuri wake, udhaifu wake, alama kati ya kumi. Dada alikuwa amelala kwenye kochi karibu na dirisha kwa sababu kitandani mgongo ulimuuma. Nilidhani amesinzia.

"Mtoto wa mama," akasema. "Mimi nauliza wewe kitu moja tu. Nikikufa, utaniweka wapi?"

Nikamwambia asiongee hivyo.

"Nauliza wapi. Sijauliza lini. Lini daktari alishasema."

Tukiwa wawili tungeweza kuongea Kisamia, na mara nyingi tuliongea. Lakini dada aliuza samaki wakavu Busia kwa miaka mingi, na kila alipotaka jibu bila kuzungushwa alihamia Kiswahili cha sokoni, kile ambacho mnunuzi na muuzaji hawana muda wa kuulizana habari za nyumbani. Nilipomsikia amekihamia nilijua nimebanwa. Nikafanya kile ninachofanya nikibanwa. Nikainamia kompyuta.

Inabidi nieleze kwa nini swali lenyewe lilikuwa gumu, maana kwa watu wa kwingine lingejibika kabla chai haijapoa. Dada aliolewa Mulanda. Ng'ombe wa mahari walitolewa wote, bila kupungua hata mmoja. Alikaa huko miaka kumi na tisa na hakujaliwa mtoto. Mume akaoa mke wa pili, akapata watoto, na kidogo kidogo akaacha kumsemesha dada. Hakumpiga, hakumfukuza. Aliacha tu kumsemesha. Dada alipika, mume akala, sahani ikarudi. Baada ya miaka miwili ya sahani zinazorudi bila neno, dada alifunga nguo zake akaja Busia kuuza samaki. Hakuna aliyerudisha ng'ombe na hakuna aliyewadai. Kwa hesabu ya ng'ombe alikuwa bado mke wa Mulanda. Kwa hesabu ya mahali anapolala alikuwa wetu, wa Sikuda, kijijini kwetu.

Katika ukoo wetu, binti aliyeolewa kisha akarudi, akifia nyumbani, hazikwi ndani ya ua. Hapitishwi hata langoni. Nyuma ya boma hukatwa pengo kwenye uzio wa minyaa, anapitishwa hapo, anawekwa nje, ukingoni mwa shamba. Shangazi yetu mmoja aliwekwa hivyo nilipokuwa mdogo. Hakuna aliyempigia sementi. Misimu michache baadaye pakapandwa mihogo, na leo hata mimi siwezi kuonyesha alipo.

"Shangazi analimwa," dada akasema kutoka kwenye kochi. "Kila mwaka jembe inapita juu ya yeye. Mimi sitaki kulimwa."

Alitaka kulala ndani ya ua, kando ya mama. Upande wa kushoto wa mama pana nafasi; alisema ameshaipima kwa macho. Na mtu wa kusema ndiyo au hapana nilikuwa mimi peke yangu. Kaka zangu wawili walishakufa, baba alishakufa, boma ni langu. Hapakuwa na ofisi ya kwenda, wala fomu, wala sahihi ya mtu mwingine. Ilitakiwa nifungue mdomo.

"Nipe siku chache," nikamwambia. "Nipange kwanza."

"Upange nini?"

"Mambo."

"Haya, mwalimu," akasema, na akageukia dirishani.

Kwa asiyejua, ramani ya mawazo ni mchoro tu. Katikati unaandika jambo lako kuu, halafu matawi yanatoka pande zote, na kila tawi linazaa vijitawi, mpaka ukurasa unafanana na buibui aliyekanyagwa. Watu wanaochora hivyo kwenye kompyuta hudai kwamba kichwa hutulia. Mimi nilifika huko kupitia nesi. Siku tuliyotoka hospitalini, nesi aliniambia niandike saa za dawa kwenye karatasi niibandike ukutani. Karatasi moja. Mtu aliyeishia la saba angeandika na kubandika, na kweli dada, aliyeishia la saba, aliandika na kubandika siku hiyohiyo, juu ya jiko, kwa kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa na digrii mbili. Nilianza kutafuta programu.

Nilijiambia kwamba si ya dawa tu. Ni ya maisha ya kila siku: siku za kliniki, vyakula visivyomtapisha, wageni waliotangaza kuja na wale waliokuja bila kutangaza, mahindi ya Sikuda yaliyohitaji kupaliliwa, makala mbili nilizoahidi gazeti, mchumba wa binti yangu mkubwa aliyetaka kuja kujitambulisha. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu kama nguo zilizotupwa kitandani. Niliamini kwamba nikipata kabati linalofaa, zitajikunja zenyewe.

Programu ya kwanza ilikuwa na rangi nzuri sana na ilikuwa bure, mradi usizidishe ramani tatu. Nilitumia siku mbili kuamua maisha ya binadamu yanagawanyika katika sehemu zipi tatu. Siku ya tatu nikaiacha, nikaipa alama sita.

Ya pili ilikaa mtandaoni. Ilifanya kazi vizuri Tororo. Lakini nilipokwenda Busia kununua dawa ya maumivu, simu yangu ilifanya kile zinachofanya simu zote karibu na mpaka: ilihamia mtandao wa Kenya bila kuniaga. Ramani ikakataa kufunguka. Nilisimama mbele ya kaunta ya duka la dawa, watu wanne nyuma yangu, nikitazama kiduara kinachozunguka. Mwenye duka akaniuliza dawa inaitwaje. Nikamwambia iko kwenye ramani. Akauliza ramani ya wapi. Mwishowe nikampigia dada, akajikongoja mpaka jikoni, akanisomea jina kutoka ukutani, herufi moja moja, akipumzika kati ya herufi na herufi.

"Imeisha," akasema. "Sasa nakwenda kulala. Salimia hiyo kompyuta."

Ningeweza kukoma hapo. Mtu mwenye akili timamu angekoma. Mimi niliandika kwenye jedwali: haifai mpakani.

Kwa kuwa nilikuwa Busia, nikavuka kwenda kwa baba mdogo. Anakaa upande wa Kenya, dakika kumi kwa bodaboda kutoka forodhani. Ukoo wetu ulikuwapo kabla ya mpaka, kwa hiyo nusu ya wazee wetu hulazimika kuonyesha kitambulisho ili waje kutukemea. Nilimkuta ukumbini kwake anamenya karanga, miguu ndani ya soksi za sufu ingawa jua lilikuwa kali. Nilimweleza.

"Dada yako anataka nini hasa?"

"Kulala ndani. Karibu na mama."

Akamenya karanga mbili tatu. "Na wewe unataka nini?"

"Nimekuja kusikia desturi inasemaje."

"Desturi unaijua. Ulikuwapo tulipompitisha shangazi yako pengoni. Ulilia kuliko wanawake wote, watu wakakusifu una huruma, kumbe ulikanyaga mwiba." Akasukuma maganda kando kwa mguu. "Sikukuuliza desturi. Nimekuuliza wewe unataka nini."

Akaniangalia kwa muda, kama anayesoma bango la mbali.

"Una mabinti wawili," akasema. "Mmoja ana mchumba. Watu watasema ukimlaza aliyerudi ndani ya ua, umewaonyesha wanao njia ya kurudi. Watasema ndoa zao hazitakaa."

"Hayo siyaamini, baba."

"Vizuri sana. Kama huyaamini, mpigie dada yako sasa hivi umwambie ndiyo. Mimi nitanuna kidogo, ni kazi yangu kununa. Halafu nitakuja kuzika."

Simu ilikuwa mfukoni. Hata ilikuwa na mtandao, mtandao wa Kenya, mzuri kabisa. Nikamwambia bado napanga.

"Unapanga na nani?"

"Kuna programu. Kwenye kompyuta."

Baba mdogo akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba jambo limeshafika kwa wakili. Akanifungia karanga kwenye gazeti nimpelekee mgonjwa.

Njiani kurudi nilimfikiria binti yangu mkubwa na mchumba wake, kijana mpole anayevaa viatu vilivyong'arishwa mno. Niliwahi kuandika makala tatu dhidi ya imani za aina ile, moja ikasifiwa hadi Kampala. Na bado, kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, nikishikilia karanga, niliogopa. Niliogopa kama mama zetu walivyoogopa, bila hoja yoyote. Hilo nililijua siku ile. Nililifanya nini? Nilifika nyumbani nikafungua programu ya tatu.

Ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Ilikuwa na kila kitu, hata vitu ambavyo havina jina kwa lugha yoyote ninayoijua. Ili kuitumia ilibidi nitazame masomo kumi na mawili ya video, na niliyatazama yote, nikaandika muhtasari. Wiki hiyo dada aliacha kula ugali, kisha akaacha viazi, akabaki na uji. Niliongeza tawi la uji. Nilikuwa na njia saba za kulipaka rangi.

Sitaki ionekane kwamba sikumhudumia. Nilimwogesha miguu, nilimpeleka kliniki, nilipika huo uji na mara nyingine haukuungua. Lakini kila siku, mara moja, kwa kawaida asubuhi, aliniuliza: "Umepanga?" Na kila siku nilimjibu: "Karibu." Hakuuliza mara mbili kwa siku. Alikuwa ameuza samaki muda wa kutosha kujua mteja anayepapasa bidhaa ili aondoke bila kununua.

Ya nne ndiyo niliyoichagua. Ilikuwa rahisi, ilifanya kazi bila mtandao, na ilikuwa na jambo moja lililonifurahisha kupita kiasi. Katika programu zote zile, kila wazo lazima lishikwe na wazo jingine, ambalo huitwa mzazi. Ukiandika kitu kipya, programu inakuuliza: chagua mzazi. Ile ya nne ilikuruhusu kuandika wazo na kuliacha pembeni, halijashikwa na chochote, mpaka utakapoamua. Niliona hiyo ni hekima kubwa. Nikaipa tisa.

Nikachora. Katikati niliandika "Nyumbani", nikaizungushia mstari mnene wa kijani. Matawi yakatoka: dawa, kliniki, chakula, wageni, shamba, makala, harusi. Nilipofika kwenye swali la dada nilijaribu kuliweka chini ya shamba, nikaona vibaya. Nikajaribu chini ya wageni, nikaona vibaya zaidi. Basi nikaandika maneno mawili, "Dada: mahali", nikayaacha pembeni kabisa, kona ya chini kulia, peke yake. Nilijisikia nimefanya kazi.

Jumapili hiyo, baada ya wale wa kanisani kuja kumwombea na kuondoka, dada aliniambia nilete hiyo kompyuta aone kilichonichukua mwezi mzima. Nikamwekea mto mapajani, kompyuta juu yake. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na bado ilikuwa na makovu meupe ya miiba ya samaki.

"Hii?"

"Dawa."

"Hii?"

"Wageni."

"Wageni wako na rangi nzuri kuliko dawa." Akasogeza kidole. "Hii ya katikati, hii mstari nene, ni nini?"

"Hapo ni nyumbani."

Kidole kikazunguka polepole juu ya ule mstari wa kijani, duara zima, kama mtu anayetembea kando ya ua akitafuta lango. Kisha kikashuka hadi kona. Alisoma kwa sauti: "Dada. Mahali."

"Hilo ni swali ambalo bado sijaliweka," nikasema haraka. "Ni la muda tu. Programu inaruhusu. Ukiamua unalivuta, unaliingiza popote."

"Haijashikwa na kitu."

"Kwa sasa."

"Iko nje."

"Dada, si nje. Ni pembeni. Ni utaratibu wa programu."

"Mtoto wa mama." Aliongea bila hasira, na hapo ndipo alipohamia Kisamia, kwa mara ya kwanza tangu swali lile. Alisema mtu yeyote wa kwetu, hata asiyejua kusoma, akionyeshwa mchoro ule ataonyesha kwa kidole boma ni lipi, ua ni upi, na nani amewekwa nyuma ya ua. Alisema hakuwa akitaka mchoro, lakini kwa vile nimechora, ameona. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Sasa funga. Inachoma mapaja."

Nilifunga. Ningeweza kulivuta lile wazo pale pale, mbele yake, kulipitisha juu ya mstari wa kijani. Ni kazi ya kidole kimoja. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini nilianza kumweleza kwamba mistari ile haimaanishi kitu, kwamba ni mapambo, na nilikuwa bado naeleza alipofumba macho.

Jumatatu alimpigia simu mke mwenzake.

Sikujua walikuwa wakiongea. Kumbe tangu aondoke Mulanda wanawake wale wawili walikuwa wakipigiana, na yule mdogo alikuwa akija sokoni Busia kununua samaki kwake, na walikaa nyuma ya meza wakila pamoja. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Alifika Jumatano kwa gari la kukodi, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na shuka mbili mpya mikononi. Walijifungia chumbani wakaongea Kidhopadhola, lugha ambayo dada aliimudu kama mzaliwa na mimi naijua salamu tu. Nilisikia wakicheka. Alipotoka alinipigia magoti kidogo, kwa adabu, kisha akasimama wima.

"Shemeji, sisi nakuja kuchukua mtu yetu."

"Ni mgonjwa sana. Barabara ni mbaya."

"Barabara naijua, nimepita leo. Nyumba yake iko. Mimi nafagia kila wiki, hakuna mtu alilala ndani. Mzee amekubali."

"Mzee alikaa miaka miwili bila kumsemesha."

"Hata mimi sasa hanisemeshi," akasema. "Lakini kuzika atazika. Ni mke yake ya kwanza. Ng'ombe ilikwenda kwenu."

Niliingia chumbani. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, viatu miguuni, ingawa viatu vilikuwa vimempwaya. Nilimwuliza kwa nini arudi kwa mtu aliyemnyamazia.

"Yeye alinyamaza," akasema, "lakini mahali yangu kwake inajulikana. Mke ya kwanza, mkono ya kulia ya nyumba. Hiyo hakuna mtu anapanga."

Ndipo nikasema. Nilisema nitamlaza ndani ya ua, kando ya mama, upande wa kushoto. Maneno yalitoka kwa urahisi wa kutisha. Dada aliniangalia kwa uso uleule aliokuwa nao sokoni, jioni, mtu anapokuja na bei nzuri wakati meza imeshakunjwa.

"Umesema na baba mdogo?"

"Nitasema."

"Umesema na watoto yako?"

Nikavitazama viatu vyake.

"Basi," akasema. "Shika mkono, nisimame."

Tulimpeleka garini, mke mwenzake kushoto, mimi kulia. Alikuwa mwepesi. Hakuniachia neno lolote la kukumbuka. Aliuliza kama karanga zimebaki, nikakimbia ndani nikamletea.

Alifariki Mulanda wiki ya tano tangu aondoke kwangu. Tulikwenda kuzika, mimi, mabinti zangu, baba mdogo aliyevuka mpaka na soksi zake za sufu, na watu wachache wa Sikuda. Tulipofika tulisimama nje ya boma kama inavyotakiwa, mpaka mtu wa kule akatoka kutupokea, akatuelekeza kwenye hema la wakwe. Viti vya plastiki, meza yenye kitambaa, maji ya chupa. Watu walitusalimia kwa heshima kubwa na sauti ya chini. Hatukushika jembe, wakwe hawashiki. Kutoka pale nilipokaa niliona rundo la udongo mwekundu upande wa kulia wa nyumba yenye bati la zamani, ndani kabisa ya ua, na yule mwanamke mfupi akiwaelekeza wachimbaji wanyooshe kingo.

Mwenye kuongoza shughuli alitangaza kwamba wakwe wana dakika tano. Baba mdogo alinigusa goti. Nilisimama, nikapewa kipaza sauti, nikamwona mume wa dada mbele yangu, mzee sasa, akitazama ardhi. Nilikuwa na mengi ya kusema na nilijua yote yalikuwa ya kujisafisha. Kwa hiyo nilisema kitu kimoja tu. Niliwashukuru watu wa boma lile kwa kumpa dada yangu mahali.

Walipiga makofi. Nikarudisha kipaza sauti, na mjukuu mmoja wa kule akaja kutuonyesha, mimi na baba mdogo, upande wanakonawia wageni.